Moto Ukiunguza Nyumba ya Kupanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapangaji

Majibu haya ni ya mpangaji wa nyumba ya kuishi Tanzania Bara, awe kwenye apatimenti ya ghorofa Sinza au chumba na sebule Mbeya. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113), Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) na kanuni za madai ya uzembe ambazo mahakama zetu zilizirithi kutoka Uingereza. Kama umeshapokea barua ya wakili au hati ya kuitwa mahakamani, usiishie hapa. Tafuta mwanasheria aisome, kwa sababu barua hizo huwa na siku za kujibu.

Moto ulianzia jikoni kwangu, lakini ilikuwa bahati mbaya kabisa. Nalazimika kulipa nyumba?

Si lazima. Moto kuanzia kwako na moto kusababishwa na wewe ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya usiku wa tukio, mpangaji mwenyewe akiwamo.

Sheria ya Ardhi, kifungu cha 89, inamtaka mpangaji arudishe nyumba ikiwa katika hali aliyoikuta. Papo hapo inataja uharibifu ambao hawajibiki kuutengeneza: uchakavu wa kawaida, ghasia za raia, radi, tufani, tetemeko la ardhi, na pia moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, wageni wake au waajiriwa wake. Kila kitu kinaning'inia kwenye neno uzembe. Swali ambalo mahakama itajiuliza ni hili: je, kuna jambo ambalo mtu makini angelifanya, wewe hukulifanya, na moto ukatokana na hilo?

Upande wa pili wa jibu ni mchungu zaidi. Kusema "sikukusudia" hakutoshi. Aliyesahau pasi juu ya kitanda hakukusudia kuchoma nyumba, lakini bado ni mzembe. Waingereza walilimaliza suala hili zamani: sheria yao ya mwaka 1774 ilimkinga mtu ambaye moto umeanzia kwake kwa ajali, na mwaka 1847, katika kesi ya Filliter v Phippard, mahakama ikaamua kwamba kinga hiyo haimfikii mtu ambaye moto wake umetokana na uzembe.

Uzembe unapimwaje? Kila mtu anapika, kila mtu anapiga pasi.

Unapimwa kwa mtu wa kawaida mwenye busara akiwa katika hali kama yako. Hakuna anayedaiwa awe fundi umeme au askari wa zimamoto.

Kuna mambo ambayo ni vigumu kuyatetea. Kubandika mafuta jikoni kisha ukatoka kwenda dukani. Kuwasha mshumaa karibu na pazia umeme ulipokatika, halafu ukapitiwa na usingizi. Kusikia harufu ya gesi tangu asubuhi na jioni ukawasha jiko kama kawaida. Kuchomeka jokofu, pasi na hita ya maji kwenye ekstensheni moja nyembamba. Kumwita kijana wa mtaani asiye na leseni aongeze soketi chumbani bila mwenye nyumba kujua. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na wakili wa upande wa pili atalitaja hilo mapema sana.

Mengine hayakuhusu: nyaya zilizo ndani ya ukuta, radi, moto uliovuka kutoka kwa jirani, au jokofu ulilolinunua dukani na kulitumia inavyotakiwa likalipuka bila dalili yoyote ya awali.

Katikati ya hayo ndiko ugomvi unakotokea. Chukua hali inayotokea katika nyumba zetu kila mara: unapiga pasi, umeme unakatika, unaacha pasi imechomekwa ukijua haina moto, unatoka. Umeme unarudi wewe uko sokoni. Kwa maoni yangu hapo mpangaji atapata shida, kwa sababu kukatika na kurudi kwa umeme si jambo la kushangaza mahali tunapoishi, na kuchomoa waya ni kazi ya sekunde moja. Lakini simu iliyokuwa inachajiwa mezani kwa chaja yake halali ikashika moto ni habari nyingine. Huwezi kulaumiwa kwa kufanya kile ambacho simu yenyewe ilitengenezewa.

Nani anatakiwa kuthibitisha? Mwenye nyumba anasema mimi ndiye nithibitishe kwamba sina kosa.

Kwa kanuni ya Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 110, anayedai ndiye anayethibitisha. Mwenye nyumba akisema umezembea, yeye ndiye alete ushahidi, na kiwango chake ni mizania ya uwezekano: je, inaelekea zaidi kuwa ndivyo kuliko kutokuwa ndivyo? Si lazima athibitishe bila kuacha shaka yoyote kama ilivyo kwenye jinai.

Hata hivyo usikae kimya ukitegemea hilo. Sheria hiyo hiyo inasema jambo ambalo mtu fulani peke yake ndiye anayelijua, yeye ndiye wa kulieleza. Kama mlango ulikuwa umefungwa na ulikuwa peke yako ndani, mahakama itataka kusikia kwako kilichokuwa kikiendelea. Mpangaji anayesema "sijui, nilishtuka tu moto unawaka" huku jiko limekutwa limewashwa atakuwa amempa mdai nusu ya kesi.

Aliyeacha jiko ni dada wa kazi. Mimi nilikuwa kazini.

Bado ni juu yako. Sheria imewataja waajiriwa na wageni pamoja na mpangaji. Dada wa kazi akizembea, mdogo wako aliyekuja likizo akizembea, mwenye nyumba atakudai wewe uliyepanga. Wewe kumgeukia dada wa watu ili akufidie ni jambo linalowezekana kwenye karatasi, lakini sioni hakimu atakayelifurahia wala mshahara utakaolilipa.

Kwa watoto wadogo, kinachoangaliwa zaidi ni wewe mzazi: uliwaacha na nani, na kiberiti kilikuwa wapi.

Ripoti inasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Hapo nimepona?

Hapana, hapo ndipo maswali yanapoanza, kwa sababu umeme una wenyewe watatu. Mpaka kwenye mita ni TANESCO. Kutoka kwenye mita, swichi kuu, sakiti breka na nyaya zilizopita ukutani na juu ya silingi ni za mwenye nyumba. Vinavyochomekwa kwenye soketi ni vyako. "Hitilafu ya umeme" haisemi ni kipande kipi, kwa hiyo omba ripoti ieleze moto ulianzia sehemu gani ya chumba na kwenye kifaa gani.

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamfunga mwenye nyumba. Chumba au fleti ya kuishi iwe inafaa kwa makazi ya binadamu siku unapoingia, na ibaki hivyo. Anapokupangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, njia za pamoja na mifumo ya pamoja ni wajibu wake kuitunza. Nyaya za miaka ya themanini zinazobeba viyoyozi vya leo ni tatizo lake kabla halijawa lako.

Ila kuna mtego. Kama soketi ilikuwa inatoa cheche tangu wiki iliyopita, ukaendelea kuchomeka birika, utaulizwa kwa nini. Mahakama inaweza kugawa lawama: sehemu kwa mwenye nyumba ambaye hakutengeneza, sehemu kwako uliyeona hatari ukaizoea. Kinachokuokoa ni ujumbe. Ule ujumbe mfupi wa WhatsApp, "Mama, soketi ya jikoni inawaka cheche, naomba fundi", wenye tarehe yake, una uzito kuliko mashahidi watatu watakaokuja kusema walikusikia ukilalamika. Mweleze kwa maandishi, acha kuitumia soketi, na akikupigia simu kujibu, mwandikie baadaye kile mlichokubaliana.

Moto umezimwa sasa hivi. Nifanye nini saa hizi za mwanzo?

Kwanza uhai. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ipigwe hata kama majirani wameshauzima moto kwa mchanga na ndoo za maji, kwa sababu moto uliozimwa na majirani peke yao hauachi taarifa rasmi, na bila taarifa rasmi kitakachobaki ni maneno ya mtaani.

Usisafishe. Najua uchungu wa kuangalia mkaa pale palipokuwa na kabati, na mama zetu hawawezi kuona uchafu wakaacha kushika ufagio. Lakini ule mpira wa gesi ulioungua, ile soketi iliyoyeyuka, swichi kuu ilivyo, iliyoshuka au iliyobaki juu: hivyo ndivyo vinavyosema ukweli. Piga picha za kila pembe kabla mtu hajagusa, kisha video moja ndefu ukianzia mlango mkuu. Piga picha ya mita. Kama silingi imeanguka, jengo linaweza kuwa hatari. Usiingie mpaka askari waseme.

Halafu mpe mwenye nyumba taarifa siku hiyo hiyo. Mwandikie kilichotokea na saa. Usiandike sababu usiyokuwa na hakika nayo. "Moto umetokea jikoni saa mbili usiku, zimamoto wamefika, hakuna aliyeumia" inatosha. Maneno kama "nisamehe baba, ni mimi nimekuunguzia nyumba" hutoka kwa heshima na huruma, na ni utu kuyasema, lakini yakiandikwa yatasomwa mahakamani kama kukiri. Pole unaweza kumpa bila kubeba chanzo ambacho bado hakijajulikana.

Chukua pia taarifa ya polisi, maana kampuni za bima huihitaji, na waajiri wengine pia.

Mwenye nyumba amenipeleka serikali ya mtaa, wanataka nisaini kwamba nitalipa.

Hili ndilo jambo linalonisumbua kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mpangaji anafika ofisi ya mtaa na nguo alizookolea, hajalala, mwenye nyumba analia, mwenyekiti anataka amani, karatasi inaandikwa: "Mimi fulani nakiri kuunguza nyumba na nitalipa shilingi kadhaa ndani ya miezi mitatu." Anasaini. Baada ya wiki mbili ripoti inatoka, kumbe ni nyaya za kwenye silingi.

Mwenyekiti wa mtaa ni msuluhishi, hana mamlaka ya kukuhukumu ulipe. Unaweza kwenda, na ni vizuri uende, kwa sababu kukataa kuitikia wito kunaleta uhasama bure. Ukifika, sikiliza, toa pole, kisha sema wazi kwamba utazungumzia malipo ripoti ya zimamoto ikitoka. Kama lazima kuwe na maandishi, yaandikwe yaliyotokea tu: tarehe, saa, walioshuhudia, na kwamba pande zote zinasubiri ripoti.

Kama umeshasaini, hali si ya kukata tamaa. Sheria ya Mikataba inatambua makubaliano yaliyopatikana kwa kulazimishwa, vitisho au ushawishi usio halali kuwa yanaweza kutenguliwa na yule aliyelazimishwa. Lakini hilo utahitaji kulithibitisha, na kila mwezi unaolipa kimya kimya unalidhoofisha. Andika barua ya kupinga mapema.

Anaweza kunifungulia kesi ya kuchoma nyumba?

Kosa la kuchoma nyumba katika Kanuni ya Adhabu linahitaji kukusudia. Ajali haiingii humo. Lipo kosa jingine, la kutenda kwa uzembe na moto kiasi cha kuhatarisha maisha ya watu, kwa hiyo ukiitwa polisi nenda, na unayo haki ya kuwa na wakili unapoandika maelezo. Kulipa au kutolipa gharama za ukarabati ni dai la madai. Polisi si mahali pa kulikusanyia.

Nimelipa kodi ya miezi sita, moto umetokea mwezi wa pili. Hela yangu?

Kama moto haukutokana na uzembe wako, kifungu cha 88 kinasema kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu, inasimama mpaka nyumba ifae tena kukaliwa. Vyumba viwili kati ya vitatu vikiwa havikaliki, unayo hoja ya kulipia kile kimoja tu. Nyumba isipotengenezwa ndani ya miezi sita, unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Sheria haikuwekewa mpangaji anayelipa mwisho wa mwezi peke yake. Kodi uliyotanguliza ni kodi ya miezi ambayo bado haijafika, na miezi hiyo ikifika nyumba ikiwa haikaliki, basi kodi yake imesimama. Dai irudishwe, au isogezwe mbele nyumba itakapokuwa tayari. Fanya hivyo kwa barua, ukitaja miezi na kiasi. Wapangaji wengi huhama wakaacha miezi minne ya kodi kwa sababu ya aibu tu, na aibu hiyo mara nyingi si yao.

Moto ukitokana na uzembe wako, kinga hii huna.

Mkataba wangu unasema "mpangaji atalipia uharibifu wowote utakaotokana na moto".

Usiuchukulie kama mapambo. Kipengele cha namna hiyo kinampa mwenye nyumba silaha ya kudai hata pale usipokuwa na kosa, na ukishasaini usijipe moyo kwamba hakimu atakifuta. Wakili wako anaweza kubishana kuhusu maana yake. Hiyo ni kazi ya gharama. Rahisi zaidi ni kuomba kibadilishwe kabla ya kusaini kisomeke: "Mpangaji atalipia uharibifu wa moto uliosababishwa na uzembe wake, wa wageni wake au wa waajiriwa wake." Ni maneno machache, na mwenye nyumba mwelewa hatayakataa kwa sababu ndivyo sheria yenyewe ilivyo. Dalali atakuambia mikataba yote iko hivyo na hakuna anayebadilisha. Zungumza na mwenye nyumba mwenyewe.

Sina mkataba wa maandishi.

Upangaji wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja unatambulika kisheria hata ukiwa wa mdomo. Tunza miamala ya kodi kwenye simu. Ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ni mpangaji na tangu lini.

Nikionekana nimezembea kweli, nitalipa nini na nini?

Fidia ni kumrudisha mwenye nyumba pale alipokuwa, si kumpandisha. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa hasara iliyotokana moja kwa moja na tukio, na kinazingatia pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Kwa hiyo utalipia silingi iliyoanguka, nyaya za chumba kilichoungua, rangi, milango, madirisha, na kodi anayoikosa kwa muda wa kawaida wa ukarabati.

Usilipie jikoni jipya la vigae kutoka nje mahali palipokuwa na sakafu ya saruji. Kabati lililotumika miaka 10 halina bei ya kabati lililotoka kiwandani jana. Mwenye nyumba akiacha jengo wazi mvua za masika nzima, silingi za vyumba ambavyo moto haukufika zikaoza, sehemu hiyo ni yake. Dai makadirio ya maandishi yenye mchanganuo, na tafuta fundi wako mwingine au mkadiriaji majengo akupe yake. Tofauti kati ya makadirio mawili ya chumba kimoja huwa inashangaza.

Amana uliyoweka ihesabiwe ndani ya deni. Si adhabu ya pembeni.

Mwenye nyumba ana bima ya moto. Basi yameisha?

Kwa mwenye nyumba huenda yameisha, kwako pengine bado. Kampuni ya bima ikishamlipa, inapata haki ya kusimama katika nafasi yake na kumfuata aliyesababisha hasara. Barua itakuja miezi kadhaa baadaye, ikiwa na nembo ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Hata hivyo itabidi ithibitishe uzembe kama ambavyo mwenye nyumba angetakiwa kufanya.

Kuna utetezi mzuri hapa ambao wapangaji hawaujui. Katika kesi ya Mark Rowlands v Berni Inns, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kampuni ya bima kumdai mpangaji ambaye uzembe wake uliteketeza jengo. Mkataba wa upangaji ulimtaka mwenye jengo alikatie bima, mpangaji achangie gharama za bima hiyo, na fedha za bima zitumike kujenga upya. Mahakama ikaona bima hiyo ilikuwa kwa manufaa ya wote wawili. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini una ushawishi. Kama kwenye ada yako ya huduma za jengo kuna mstari wa bima, hifadhi kila risiti.

Jambo jingine ni bima pungufu. Tuseme nyumba ya shilingi milioni 200 imekatiwa bima ya milioni 100, na moto umeharibu vitu vya milioni 40. Bima nyingi zina kanuni ya uwiano, hivyo kampuni italipa milioni 20 tu. Zile nyingine 20 mwenye nyumba anaweza kukugeukia. Kile alichokwisha kulipwa na bima hawezi kukidai kwako mara ya pili na kukiweka mfukoni.

Mimi mpangaji ninaweza kukata bima?

Ndiyo, na bima hiyo iwe na mambo mawili. La kwanza ni vitu vyako vya ndani, kwa sababu bima ya mwenye nyumba haigusi sofa lako wala runinga yako. La pili, ambalo husahaulika, ni dhima yako kwa mwenye nyumba na kwa majirani moto unapoanzia kwako. Muulize wakala swali hili hili: "Nikiunguza nyumba ya kupanga kwa uzembe, mtamlipa mwenye nyumba?" Jibu lake mwambie akuonyeshe kwenye hati. Bima ya kawaida ya moto hulipa hata kwa uzembe. Haimlipi aliyechoma kwa makusudi. Hakikisha kampuni imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ikikataa dai lako bila sababu, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Moto umevuka ukuta, umeunguza vitu vya jirani. Naye ananidai.

Jirani hana mkataba na wewe, kwa hiyo anakudai kwa uzembe peke yake, na kuuthibitisha ni juu yake. Nawe vilevile, moto ukitoka kwake au ukitokana na nyaya za mwenye nyumba alizoambiwa akazipuuza, unaweza kudai vitu vyako vilivyoteketea. Orodhesha vitu, mwaka ulionunua na risiti ulizonazo. Picha za sherehe zilizopigwa sebuleni zimewahi kuwa ushahidi mzuri kuliko risiti.

Kuna ukomo wa muda wa kudai?

Upo. Dai la mkataba ni miaka 6, dai la uzembe ni miaka 3, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda (Sura ya 89).

Tukishindwa kuelewana tunakwenda wapi?

Baraza la kata linaweza kuwasuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Juu yake lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai ambalo ni la fedha za fidia tupu, hasa la jirani, ni la mahakama za kawaida. Muulize mwanasheria kabla ya kulipia ada, kwa sababu kesi iliyofunguliwa mahali pasipo na mamlaka hutupwa hata kama ni ya haki. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi.

Niko Zanzibar, au Kenya. Haya yananihusu?

Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Vifungu vilivyotajwa hapa havifiki huko. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na vifungu vyake vya 65 na 66 vinafanana sana na vya kwetu: kodi kusimama, miezi sita, notisi ya mwezi mmoja, na kinga kwa moto usiotokana na uzembe.

Mwanangu anasoma Ufaransa, amepanga studio. Kwake ni hivyo hivyo?

Ni kinyume kabisa, na mwambie leo. Kifungu cha 1733 cha Kanuni ya Madai ya Ufaransa kinamhesabu mpangaji kuwa ndiye mwenye kuwajibika kwa moto mpaka yeye athibitishe kwamba ulitokana na tukio lisilozuilika, kasoro ya ujenzi, au ulitoka nyumba ya jirani. Kwa sababu hiyo sheria ya tarehe 6 Julai 1989 inamlazimisha mpangaji kuwa na bima, na mwenye nyumba anaweza kudai cheti chake kila mwaka.

Nahamia nyumba nyingine mwezi ujao. Nifanye nini kabla ya kuingiza vitu?

Nenda mchana na mtu anayejua umeme. Fungueni kisanduku cha swichi kuu, muone kama sakiti breka zipo na zinafanya kazi, au kama kuna waya uliofungwa mahali pa fyuzi. Gusa soketi za jikoni. Zenye alama ya kuungua zipige picha. Uliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi na ulikaguliwa lini, na kama ni ghorofa, uliza kama Jeshi la Zimamoto limelikagua jengo. Mtungi wa gesi tafutia sehemu inayopitisha hewa, chini hasa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Kisha mtumie mwenye nyumba picha zote kwa ujumbe mmoja, pamoja na orodha ya vinavyohitaji fundi, kabla hujalala humo usiku wa kwanza.